Gharama ya Kufunga Sola Nyumbani: Hesabu Yake na Hukumu ya Kununua kwa Malipo ya Muda

Himidi zote anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Swahaba zake. Amma ba'd.

SWALI

Assalaamu alaykum. Sisi ni familia ya Unguja na tuna wazee wetu Mabwerebwere, wilaya ya Kilosa. Tunataka kuwafungia sola. Fedha taslimu haitutoshi, na wapo wanaouza kwa malipo ya kila wiki kwa njia ya simu, lakini jumla yake inapita bei ya taslimu. Je, ziada hiyo ni riba? Na tukadirie vipi gharama?

JIBU

Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Tutaanza na hesabu, kwani mwenye kujua anachohitaji ni vigumu kuuziwa asichokihitaji. Kisha tutaeleza hukumu.

Kwanza: Hesabu ya mahitaji

Andikeni kila kifaa, wati zake na saa zake kwa siku. Mfano wa nyumba ya kawaida:

- Taa 4 za LED, wati 5 kila moja, saa 5: wati-saa 100
- Simu 3: wati-saa 30
- Televisheni ya wati 40, saa 4: wati-saa 160
- Feni ya wati 30, saa 6: wati-saa 180

Jumla ni wati-saa 470 kwa siku. Tukichukua saa 4 za jua kali na tukaondoa robo kwa upotevu wa joto, vumbi na waya, kila wati 1 ya paneli inatoa wati-saa 3. Basi 470 gawanya kwa 3 ni karibu wati 157. Paneli ya wati 200 itatosha na kubakisha akiba ya siku za mawingu.

Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini haifai kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo hufa mapema. Hivyo mnapata 600 tu. Betri ya lithiamu hutumika hadi asilimia 80 hivi. Bei yake ni kubwa, lakini huweza kudumu miaka 8 au zaidi, na ile ya asidi mara nyingi huchoka baada ya miaka 2 hadi 4. Hesabuni miaka kumi: betri ya bei rahisi itakayonunuliwa mara tatu huenda ikawa ndiyo ghali.

Pasi, birika na jiko la umeme visiingizwe humu. Kimoja tu kinaweza kula wati 1,000 au zaidi.

Ongezeni kontrola ya chaji, waya, swichi, inveta kama mna vifaa vya volti 230, usafirishaji hadi kijijini na ujira wa fundi. Kwetu visiwani na huko Kilosa pia, paneli ielekezwe kaskazini kwa mwinamo mdogo, kwa sababu tuko kusini ya Ikweta. Walio karibu na bahari wachague fremu ya alumini na skrubu zisizoshika kutu.

Kabla ya kununua, ulizeni pia kama nguzo za TANESCO zimefika karibu na nyumba. Ada ya kuunganishiwa vijijini imekuwa Sh 27,000, mbali na gharama ya kutandaza waya ndani ya nyumba. Hata hivyo, mwenye umeme wa gridi naye anaweza kuhitaji sola ya akiba. Sisi wa Unguja tunakumbuka kukatika kwa umeme Mei 2008 kwa takriban mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 kwa miezi mitatu.

Pili: Hukumu ya bei ya muda

Kuuza kitu kwa bei ya muda iliyo kubwa kuliko ya taslimu kunajuzu kwa Jamhuri ya Wanazuoni. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa imelithibitisha hilo katika azimio lake nambari 51, Jeddah, mwaka 1990. Sababu ni kuwa hapa kinachouzwa ni bidhaa. Riba ni kukopesha fedha na kudai fedha zaidi. Allah katika Suratul Baqara aya ya 275 amehalalisha biashara na akaharamisha riba.

Chukueni mfano wa hesabu tu: sola ni Sh 650,000 taslimu. Kwa muda, mnatoa malipo ya kwanza Sh 100,000, kisha Sh 25,000 kila wiki kwa wiki 30. Jumla ni Sh 850,000. Ziada ya Sh 200,000 ni sehemu ya bei, na inajuzu kwa masharti haya:

1. Mkubaliane bei moja kabla ya kuachana. Haifai kuondoka na bei mbili bila ya kuamua ni ipi.
2. Muuzaji awe anakimiliki kifaa anachokuuzieni.
3. Mkataba usitaje riba peke yake kama asilimia inayohesabiwa mbali na bei.
4. Pasiwe na faini ya kuchelewa. Mkichelewa wiki tatu, jumla ibaki Sh 850,000 ile ile. Ikiongezeka hata shilingi moja kwa ajili ya kuchelewa, hiyo ni riba.

Msiseme: "Tutasaini, lakini hatutachelewa." Sharti la riba halikubaliwi hata kama mnategemea halitawafika. Ombeni liondolewe, na likikataliwa tafuteni muuzaji mwengine.

Tatu: Kufungiwa kifaa na kunyang'anywa

Vifaa vingi hivi huzimwa kwa mbali malipo yakisimama. Ikiwa mlikubaliana hivyo tangu mwanzo na deni haliongezeki, tunaona ni mfano wa rahani na hakuna ubaya. Lakini kifaa mlichonunua ni milki yenu. Muuzaji akikichukua kwa deni, anakiuza, anachukua kilichobaki katika deni lake na kukurudishieni ziada. Kuchukua kifaa pamoja na malipo yote yaliyotangulia ni kula mali ya watu kwa batili. Na mwenye dhiki ya kweli apewe muda, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 280 ya sura hiyo hiyo.

Mkopo wa fedha wenye riba kutoka benki au kikundi haujuzu, hata kama nia ni kuwanunulia wazee sola. Mbadala ni murabaha, ambapo benki inanunua kifaa kwanza, kisha inakuuzieni. Amana Bank, iliyoanza mwaka 2011, na dirisha la Kiislamu la PBZ hufanya biashara za aina hiyo. Njia nyepesi zaidi ni ndugu kuchangishana, au kuanza na taa na simu tu, kisha kuongeza paneli baadaye.

Andikeni mkataba na muweke mashahidi, kama ilivyoelekezwa katika aya ya 282. Sola ya kutumia nyumbani haina Zaka. Na kuwawashia taa wazee wenu ni katika wema kwa wazazi.

Wallahu a'lam.