Mzee Aliyekuwa Tayari Kufundishwa

Wengi wetu tukikabidhiwa uongozi hudhani kwamba muda wa kujifunza umekwisha. Juma hili tumtazame Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria.

Mwaka 391 waamini wa Hippo walimshika Augustino kanisani wakataka apewe upadre, jambo ambalo hakulitazamia. Alikuwa amefundisha ufasaha wa kusema huko Karthago, Roma na Milano. Hata hivyo alimwandikia Askofu wake, Valerius, kuomba nafasi hadi Pasaka ili ayasome kwanza Maandiko Matakatifu. Alitambua kwamba elimu iliyompatia sifa haikutosha kuwahudumia watu wa Mungu.

Miaka mingi baadaye, akiwa askofu mzee, alipata habari kwamba Auxilius, askofu kijana aliyekuwa hajatimiza mwaka katika kazi hiyo, amemtenga na Kanisa mtu aitwaye Classicianus pamoja na nyumba yake nzima. Augustino alimwandikia kwamba yeye, mzee na askofu wa miaka mingi, yu tayari kujifunza kwa kijana: ni haki gani mwana aadhibiwe kwa kosa la baba, mke kwa kosa la mume, mtumwa kwa kosa la bwana? Na ikiwa mmoja wao angekufa bila Ubatizo, ingekuwaje? Maneno hayo yalikuwa na makali ya onyo, lakini mlango wa kujibiwa aliuacha wazi. Hapo twaona kwa nini kiongozi hapaswi kuacha kujifunza: kutojua kwake huwaangukia wasio na hatia.

Mnamo mwaka 427, akiwa amevuka umri wa miaka 70, Augustino alivipitia upya vitabu vyake, jumla ya kazi 93, akisahihisha hadharani yale aliyoona hayakukaa sawa. Alifariki tarehe 28 Agosti 430, mji wake ukiwa umezingirwa na Wavandali.

Wazazi, viongozi wa jumuiya, makatekista, nasi mapadre: kabla ya kutoa uamuzi mgumu juma hili, tumtafute anayejua tusichokijua, hata akiwa mdogo wetu, tumwulize. Elimu ni bahari, na cheo hakimvushi mtu.

Mtakatifu Augustino, utuombee.