Mfuko wa Karatasi Uliompandisha Mwanadamu Angani

Hapana mtu aliyekaa karibu na moto asiyepata kuona kipande cha karatasi kilichoungua kikiinuka pamoja na moshi, kikapanda hata karibu na dari, kisha kikashuka polepole kama unyoya. Tumeliona jambo hilo tangu utoto wetu, na kwa kuwa tumelizoea hatukuuliza sababu yake. Leo twataka kueleza habari za watu waliouliza, na jinsi swali lao lilivyomfikisha mwanadamu angani miaka 120 kabla ya eropleni.

Mmoja wao alikuwa padri wa Kireno, mzaliwa wa Brazili, jina lake Bartolomeu de Gusmão. Katika mwezi wa Agosti, 1709, huko Lisbon, alimwonyesha Mfalme João wa Tano puto dogo la karatasi lenye moto mdogo chini yake. Puto likapanda ndani ya jumba la mfalme, na watumishi wakaogopa lisije likateketeza nyumba. Jambo hilo likaishia hapo, na miaka zaidi ya 70 ikapita.

Kisha wakatokea ndugu wawili wa Ufaransa, Joseph na Étienne Montgolfier, wa mji wa Annonay. Baba yao alikuwa na kiwanda cha karatasi, nao walikua katika kazi hiyo. Mwezi wa Novemba, 1782, Joseph alikuwa katika mji wa Avignon. Humo chumbani mwake alitengeneza kitu kama sanduku la vijiti vyembamba, akalifunika kwa kitambaa chepesi cha hariri, akaacha wazi upande wa chini, akawasha karatasi chini yake. Sanduku likapaa mpaka likagonga dari. Mara akamwandikia nduguye atayarishe hariri na kamba, maana ameona ajabu. Basi kazi kubwa hii ilianza kwa kitu kidogo kilichotengenezwa nyumbani na mtu mmoja.

Tarehe 4 Juni, 1783, ndugu hao walionyesha puto kubwa mbele ya watu wa Annonay. Lilikuwa la nguo lililotiwa karatasi ndani, na vipande vyake vilishikwa kwa vifungo kama vya kanzu, karibu 2,000. Walilijaza hewa ya moto uliowashwa chini, kisha wakaliachia. Likaenda kwa muda wa dakika kama 10, likashuka mbali karibu kilomita 2. Tarehe 19 Septemba mwaka ule ule, huko Versailles, mbele ya Mfalme Louis wa Kumi na Sita, puto jingine lilichukua kondoo, bata na jogoo, wote wakashuka wazima. Na tarehe 21 Novemba, 1783, watu wawili, Pilâtre de Rozier na bwana d'Arlandes, waliruka juu ya mji wa Paris kwa muda wa dakika kama 25. Walichukua moto pamoja nao, tena sifongo na maji, maana cheche zilitoboa nguo ya puto, ikawa wanazizima huku wako angani.

Tusidhani kwamba watu wote wa nchi ile walifurahi. Mwezi wa Agosti mwaka huo bwana Charles alirusha puto la namna nyingine, lililojazwa haidrojeni, likaanguka katika kijiji cha Gonesse. Wanakijiji hawakupata kuona kitu kama hicho. Wakadhani ni mnyama wa kutisha, wakalishambulia kwa nyuma za kulimia mpaka likapasuka. Serikali ikatoa tangazo kuwaeleza watu kwamba chombo hicho si cha kuogopwa. Nasi tusiwacheke. Mtu hukiogopa asichokijua, na dawa ya hofu hiyo ni kuelezwa.

Je, ni nini hasa kilichoinua puto? Ndugu Montgolfier wenyewe walikosea hapa. Walidhani nguvu imo ndani ya moshi, kwa hiyo walichoma majani mabichi na sufu ili moshi uwe mwingi. Kosa hilo lilisahihishwa na mtaalamu wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure. Yeye alitia chuma chekundu cha moto katika shingo ya puto pasipo moshi wowote, na puto likainuka vile vile. Ndipo ilipofahamika kuwa kinachofanya kazi ni joto tu.

Hewa nayo ina uzito. Mita moja ya ujazo, yaani nafasi yenye urefu, upana na kimo cha mita 1, hubeba hewa ya kilo 1 na gramu kama 200. Hewa ikipata joto hutanuka, nyingine ikatoka nje, na ile inayobaki huwa nyepesi. Ikifika joto la maji yanayochemka, uzito wake hupungua kwa gramu kama 250. Hizo gramu 250 ndizo nguvu ya kuinua.

Wanafunzi wetu na wafanye hesabu hii. Mfuko wenye nusu mita kila upande, ulio wazi chini, huweza kuinua gramu kama 31. Ukitengenezwa kwa karatasi ya kuandikia utakuwa na uzito wa gramu 100, nao hautaondoka. Ukitengenezwa kwa karatasi nyororo nyembamba, ile ya gramu 20 kwa mita ya mraba, utakuwa na gramu 25, nao utapanda, lakini kwa shida. Zidisha upande uwe mita 1: karatasi itaongezeka mara 4 tu, bali hewa itaongezeka mara 8. Ndiyo sababu puto dogo ni gumu kurusha kuliko kubwa.

Anayetaka kujaribu nyumbani na akate vipande sita vya karatasi nyembamba, vyenye umbo la jani refu, avigandishe pembeni kwa gundi kidogo, aache mdomo wazi, na afunge uzi mrefu. Asubuhi, upepo ukiwa umetulia, watu wazima wawili waushike mfuko uani juu ya jiko la mkaa uliokwisha kukolea, wasiukaribishe mno, mpaka waone unavuta juu. Kisha waachie uzi polepole. Ndoo ya maji iwe karibu, na paa la makuti liwe mbali.

Lakini twasisitiza neno moja: moto ubaki chini. Puto la Annonay halikuchukua moto, na lilipanda. Wengi waliiga kwa kuning'iniza moto chini ya mfuko, na madhara yake yamejulikana tangu zamani. Katika mwaka 1784 wakuu wa Paris walikataza maputo ya namna hiyo. Brazili, ambako watu walizoea kuyarusha katika sikukuu za mwezi wa Juni, sheria ya mwaka 1998 iliyafanya kuwa kosa, kwa sababu ya kuchoma misitu na nyumba. Na usiku wa kuamkia 1 Januari, 2020, katika mji wa Krefeld, Ujerumani, taa za karatasi zilizorushwa angani ziliangukia nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama. Wanyama zaidi ya 30 waliteketea. Waliozirusha hawakukusudia ubaya. Walitaka kufurahia mwaka mpya. Moto ukiisha kutoka mkononi mwako hujui utashukia juu ya paa la nani.

Siku hizi wasafiri hupanda maputo makubwa ya hewa ya moto juu ya mbuga za Serengeti na Maasai Mara, nayo hupaa kwa sababu ile ile iliyoliinua sanduku la Joseph chumbani Avignon. Basi jioni hii, ukiona jivu la karatasi likipanda jikoni, usilipuuze. Mwite mtoto, umwulize sababu; na asipoijua, mweleze.