Kabla ya kuanza tiba ya viungo Machakos, hakikisha bima yako italipa

MGONJWA aliyepooza upande mmoja kutokana na kiharusi, au aliyevunjika mguu katika ajali ya bodaboda, huhitaji tiba ya viungo mapema, tena kwa wiki au miezi mingi. Wengi huianza na kuiacha njiani pesa zinapokwisha, viungo vikabaki vimekakamaa.

Kwa wakazi wa Machakos, pa kuanzia ni Hospitali ya Machakos Level 5, ambako daktari anaweza kumwandikia mgonjwa barua ya rufaa. Anayechagua kliniki ya kibinafsi anapaswa kwanza kuuliza iwapo mhudumu ana leseni halali. Sheria ya mwaka wa 2014 iliunda baraza la kusajili wataalamu wa tiba ya viungo nchini, na si kila anayekanda misuli ni mtaalamu aliyesajiliwa.

Swali la pili linahusu bima. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na mchango wa chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Kujisajili pekee hakutoshi. Sharti michango iwe imelipwa. Unaweza kuthibitisha hali yako kwa kupiga *147#.

Hata hivyo, kituo kupokea bima yako hakumaanishi kwamba bima hiyo italipia tiba ya viungo. Huenda inalipia kumwona daktari au kulazwa pekee. Kwa hivyo, uliza kituo na bima yenyewe: Je, tiba hii inalipiwa kwa mgonjwa asiyelazwa? Ni vikao vingapi? Je, idhini inahitajika kabla ya kikao cha kwanza? Nitalipa kiasi gani mfukoni?

Wenye bima za kampuni za kibinafsi wahakikishe pia kwamba kliniki imo katika orodha ya kampuni yao, na waombe jibu kwa maandishi. Aliyeumia kazini amjulishe mwajiri bila kukawia, kwani sheria ya fidia ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri agharamie matibabu.

Mwishowe, mwombe mtaalamu akufunze mazoezi ya kufanya nyumbani. Hayo yatakusaidia hata vikao vinavyolipiwa vikiisha.