BUNDUKI YA BABU: URITHI GANI?



Katika nchi yetu, toka Uvira kushuka kando ya ziwa mpaka Baraka na Fizi, na juu milimani upande wa Itombwe, ziko nyumba zilizotunza bunduki ya babu. Haikaliwi na vumbi. Imepakwa mafuta, imefungwa kitambaa, imewekwa juu ya dari mahali moshi wa jiko unapofukuza kutu. Mara nyingi ni gobore, ile ambayo Katanga wanaiita pupu: hujazwa kwa mdomo, kwanza baruti, kisha kitambaa, kisha risasi, na vyote hushindiliwa kwa mdeki. Sokoni haina bei kubwa. Lakini mzee akifa, watoto wake wanaweza kugawana mashamba kwa amani, kisha wakagombana juu ya chuma hicho. Mkubwa asema ni haki yake. Mdogo asema ni yeye aliyemfuata baba porini. Mjomba naye ana neno lake.

Nani ataitwa kuwapatanisha? Mara nyingi ni mkatekista au padri. Tusiwacheke. Kwao bunduki ile ni baba mwenyewe: ni nyama aliyowalisha, ni kiboko aliyemfukuza shambani, ni heshima aliyopata mbele ya mwami. Hata hivyo, mwenye kupatanisha watu juu ya kitu inampasa akijue kitu hicho. Basi tutazame habari yake.

1. Bunduki zilifikaje huku?

Wazee wetu, Wavira, Wafulero na Wabembe, walikuwa wawindaji kabla ya bunduki. Walikuwa na mkuki, upinde, mtego na mbwa. Bunduki zilikuja kwa njia ya biashara. Wazungu Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi, mwezi wa Aprili 1858, walikuta jina la mahali hapa linajulikana sana Ujiji: wafanyabiashara walifika hapa kutafuta pembe za tembo na watumwa. Vitu hivyo viwili mara nyingi vilitembea pamoja. Na bunduki ilitumika kwa vyote viwili: iliua tembo, ikateka watu.

Zilitoka wapi zote hizo? Toka miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalianza kushika bunduki mpya, zijazwazo kwa nyuma. Bunduki za kale zikabaki bila kazi, na wafanyabiashara wakazinunua kwa bei ndogo wazipeleke Afrika. Mafundi wa Liège, katika Ubelgiji, nao walitengeneza nyingi kwa ajili ya biashara hiyo. Mlango wao mkubwa upande wa mashariki ulikuwa Unguja. Mwaka 1888 konsuli wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki 80,000 mpaka 100,000 ziliingia Afrika kwa njia ya pwani ile kila mwaka. Toka pwani zilipanda Tabora, zikafika Ujiji, zikavuka ziwa.

Kwetu aliyejulikana kuliko wote kwa bunduki hizo ni Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza, yaani mwenye kumaliza. Jina lenyewe lasema yote. Watu wake walisumbua kando zote mbili za ziwa, mpaka askari wa Dola la Kongo walipomshinda mwezi wa Januari 1894, naye akakimbilia upande wa Wadachi.

Kwa hiyo tunapomwona mzee anapapasa gobore ya ukoo, tukumbuke kwamba aina hii ya silaha ilifika huku katika msafara wa watumwa. Sisemi kwamba babu wa fulani alikuwa mtekaji. Pengine aliinunua kwa pembe moja; pengine aliipata siku ya kujilinda; nyingine zilifika baadaye kabisa, na nyingine zilifuliwa na wahunzi wetu wenyewe. Nasema tu kwamba katika nchi hii bunduki ya kuwinda na bunduki ya kuteka zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

2. Kwa nini imebaki ya kizamani?

Waseminari wengi huuliza: mbona watu wetu walikaa na gobore hata baada ya dunia nzima kuiacha? Jibu liko katika sheria. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels kwa ajili ya kukomesha utumwa yalitia sahihi mapatano. Yalikataza kuingiza bunduki bora katika Afrika, toka digri ya 20 kaskazini mpaka digri ya 22 kusini, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Iliyoruhusiwa kuuzwa ni bunduki ya gumegume, isiyo na mikato ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida.

Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kwa maana watekaji walihitaji bunduki. Lakini tuseme ukweli wote: sheria ileile ilimwachia mkoloni bunduki nzuri, na mwenyeji ikampa ile mbovu, tena kwa ruhusa ya serikali. Mwindaji wetu alimkabili nyati na risasi moja tu, na baruti ikiwa na unyevu hailii. Ndiyo sababu wawindaji wa zamani walijifunza kumkaribia mnyama taratibu, kujua upepo, na kutopiga ovyo. Ufundi huo ni hazina kweli, nao wawezekana kufundishwa hata leo bila kubomoa kitu.

3. Nyumba ya Kapteni Joubert

Sasa tutazame ukoo mmoja wa nchi ya ziwa, ambao habari zake zatufundisha urithi ni nini.

Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji mwaka 1879. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge, mapadri Deniaud na Augier na msaidizi wao mlei D'Hoop waliuawa. Kardinali Lavigerie alitaka misioni zipate walinzi. Mmoja wao alikuwa Léopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa 1842, ambaye zamani alikuwa askari zuavu wa Baba Mtakatifu. Toka 1887 alikaa Mpala, halafu Mrumbi, akiwalinda kwa bunduki watu waliokimbia watekaji. Alimwoa mwanamke wa nchi, Agnesi, akazaa watoto, wala hakurudi kwao. Alikufa mwaka 1927.

Watu wengi waliokoka kwa ajili ya bunduki yake; hilo hatuwezi kulikana. Tena hatuwezi kukana kwamba misioni yenye askari ilifanana na utawala, na kwamba Injili haitangazwi kwa baruti. Wanahistoria wa Eklezya wataendelea kulichunguza jambo hili, na ni vema walichunguze.

Mwana mmoja wa Kapteni huyo, Albert, alizaliwa mwaka 1908, akapata upadri mwaka 1935. Mwaka 1964, wakati wa uasi, alikuwa akifanya kazi Fizi pamoja na wamisionari Wasaveri toka Italia. Tarehe 28 Novemba 1964, Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara walipigwa risasi Baraka. Na siku ileile, huko Fizi, Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa jina la Baba Mtakatifu Fransisko, aliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri.

Fikirini, ndugu zangu. Baba alishika bunduki ili wadogo wasitekwe. Mwana aliupokea upendo uleule kwa wadogo, lakini bunduki hakuishika. Akabaki na watu wake mpaka bunduki ya wengine ilipomfikia. Nani atasema kwamba mwana huyu hakumrithi baba yake?

4. Yatupasayo

Katika kitabu cha Mwanzo, Isaka mzee alimtuma Esau achukue upinde aende kuwinda. Esau alirudi na upinde wake na nyama yake. Baraka ilikuwa imekwisha kutolewa kwa mwingine. Haya ndiyo tunayoweza kuwaambia ndugu wanaogombana: angalieni msije mkabaki na chuma, na baraka ya baba ikawapita.

Basi tunapoitwa, tufanye mambo matatu. Kwanza, tuwaombe wasimulie bunduki hiyo ilipatikana wapi na ilifanya nini, mema na mabaya. Tena mkatekista aandike, maana wazee wanakwisha. Pili, tuwakumbushe kwamba sheria ya 1985 juu ya silaha inadai ruhusa ya serikali. Katika nchi ambayo toka 1996 imechoshwa na vita, gobore ya ukoo imeonekana mara nyingi mikononi mwa vijana waliokwenda msituni, na waliopigwa walikuwa majirani. Baba aliyeitunza kwa ajili ya nyama hakuiachia kazi hiyo. Tatu, tuwaulize kila mmoja: baba alikuachia nini tena? Mmoja atasema uvumilivu, mwingine, kugawa nyama kwa wajane kabla ya kula mwenyewe, mwingine, rozari.

Hayo yagawiwe kwanza. Kila mtoto apate sehemu yake, mkubwa kwa mdogo, wala hakuna atakayepungukiwa. Baada ya hapo, neno la nani aishike bunduki, au iwekwe wapi ili isimdhuru mtu, litakuwa jepesi zaidi.

Wenye heri wa Baraka na Fizi watuombee.