Kazi Inapomzidi Mtu

Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka sita, na tangu mwaka wa pili nilijua moyoni kwamba kazi imenizidi. Darasani nilijiona nyumbani. Ofisini, kwenye mafaili na vikao, nilikuwa mgeni. Nilinyamaza, maana cheo ni kitamu. Ndiyo sababu habari za Estelle Morris wa Uingereza zilinigusa sana.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1952 katika ukoo wa siasa. Baba yake na baba yake mdogo wote walikuwa wabunge. Mitihani ya mwisho ya sekondari haikumwendea vizuri. Hata hivyo alisomea ualimu, akafundisha miaka 18 katika shule moja ya mji wa Coventry. Mwaka 1992 alishinda ubunge wa Birmingham Yardley kwa kumzidi mpinzani wake kura 162 tu. Mwaka 2001 Tony Blair akamteua kuwa Waziri wa Elimu.

Serikali ilikuwa imejiwekea malengo: ifikapo mwaka 2002, watoto 80 katika kila 100 wenye umri wa miaka 11 wafikie kiwango kilichowekwa katika Kiingereza, na 75 katika hesabu. Walifikia 75 na 73. Mwaka huohuo ukazuka mzozo juu ya usahihishaji wa mitihani ya kidato cha sita.

Mwezi wa Oktoba akajiuzulu. Alimwandikia Waziri Mkuu kwamba hakuifanya kazi hiyo kwa ufanisi uliotakiwa. Kuzungumza na walimu alikumudu. Kuendesha wizara kubwa na kukabiliana na vyombo vya habari kulimshinda.

Wapo waliomwona mnyonge. Mimi naona alifanya lile ambalo kila mwalimu humfundisha mtoto: usipojua, sema hujui. Wala kukiri huko hakukumzika. Mwaka 2003 alirudi serikalini katika cheo cha chini zaidi, akishughulikia sanaa, na mwaka 2005 aliacha ubunge, akaingia katika Baraza la Malodi.

Ndugu msomaji, mwenzangu huyo alikaa kwenye kiti kile mwaka mmoja na miezi michache. Mimi nilijua, nikakaa minne zaidi. Gharama ya ukimya wangu ililipwa na watoto, nao hawakuwa na habari.