Denmark ilivyoondoa dawa katika chakula cha mifugo

UFUGAJI wa viwandani ni mfumo wa kufuga maelfu ya kuku au nguruwe katika mabanda yenye msongamano ili kupata nyama nyingi kwa gharama ndogo. Mfumo huo umeshusha bei ya nyama, lakini kwa miaka mingi umetegemea antibayotiki, dawa zile zile zinazomtibu binadamu.

Mtindo huo ulianzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, watafiti walipobaini kuwa kuku waliochanganyiwa kiasi kidogo cha dawa hizo katika chakula walikua haraka.

Athari zake zilionekana baadaye. Kipimo kidogo kinachotolewa kila siku huua bakteria dhaifu na kuwaacha walio sugu. Hao huzaliana, kisha humfikia binadamu kupitia nyama, samadi, maji au mikono ya wafugaji. Mgonjwa akiambukizwa, dawa iliyotegemewa hospitalini hushindwa kumponya.

Sweden ilikuwa ya kwanza kupiga marufuku matumizi ya dawa za kukuzia mifugo, mwaka 1986. Denmark, mojawapo ya nchi zinazouza nyama nyingi ya nguruwe nje, ilifuata mwaka 1995 kwa kuzuia avoparsini, ambayo ni ya ukoo mmoja na vankomaisini, dawa muhimu ya hospitalini. Kufikia mwaka 2000, wafugaji wake walikuwa wameacha dawa zote za kukuzia.

Mabadiliko hayo hayakuwa mepesi. Kuhara kuliongezeka kwa muda miongoni mwa watoto wa nguruwe, na dawa za matibabu zikatumika zaidi. Wafugaji walilazimika kuchelewesha kuwaachisha kunyonya, kuboresha chakula, kudumisha usafi na kutumia chanjo.

Hata hivyo, kati ya mwaka 1994 na 2001 matumizi ya jumla ya antibayotiki kwa mifugo nchini humo yalipungua kwa zaidi ya nusu, huku uzalishaji wa nguruwe ukiendelea kukua. Mwaka 2010, serikali ilianzisha utaratibu wa "kadi ya njano" kwa mashamba yanayozidisha dawa.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa zote za kukuzia kuanzia Januari 1, 2006. Novemba 2017, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliwataka wafugaji kote duniani kuacha kuwapa antibayotiki wanyama wasio wagonjwa kwa lengo la kuwakuza au kuwakinga na maradhi.