Njia Ilikuwapo

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa gangi. Kila siku ya kazi aliondoka alfajiri na wenzake, nyundo begani, wakatembea juu ya reli kati ya mjini Dar es Salaam na vilima vya Pugu. Walikaza skrubu, wakabadilisha mataruma yaliyochakaa na kushindilia kokoto. Sisi tulikaa Gongo la Mboto, karibu sana na njia hiyo, hata treni ya bara ilipopita jioni vikombe viligongana kabatini. Ilipita, haikutuchukua.

Reli ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko babu yangu. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwishoni mwa 1907 na Kigoma mwaka 1914. Ni kilomita 1,250 hivi za kwenda kuyatafuta mazao na bidhaa za bara ili zifike bandarini. Pugu, kilomita 20 tu kutoka baharini, palikuwa mahali pa kupita. Waingereza walipoichukua nchi waliendelea na mpango uleule, nasi tulipojitawala tukaurithi. Watu wa kandokando ya mji walizidi kuongezeka, lakini ratiba iliendelea kuwatazama watu wa mbali.

Na Pugu hapakuwa pahali pasipo na jina. Hapo ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha, katika shule ya Mtakatifu Francis, hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Hivyo kijiji hicho cha vilimani kilikwisha ingia katika historia ya taifa, lakini wakazi wake wa kawaida waliendelea kuhangaika na safari ya kwenda mjini.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Katika miaka ya 1980 nilisoma sekondari mjini. Serikali ilikuwa imeruhusu daladala mwaka 1983 kwa sababu mabasi ya UDA hayakutosha, lakini makondakta hawakututaka sisi wanafunzi, maana nauli yetu ilikuwa ndogo. Nilisimama kituoni tangu gizani, magari yakanipita, nikafika shuleni nimechelewa, nikala viboko. Siku moja, mgongo ukiniwaka, nilimkabili baba.

"Baba," nikamwambia, "hii reli unayoihangaikia maisha yako yote imetufaidia nini sisi?"

Mama alinikaripia, lakini baba hakukasirika. Alimaliza kunawa mikono, akasema, "Mwanangu, reli haina kosa. Treni husimama pale ilipoambiwa isimame."

Wakati ule niliyachukua maneno hayo kuwa unyonge wa mtu aliyekwisha kata tamaa. Tuliishi miaka mingi mimi naye tukiheshimiana, lakini swali langu lilibaki katikati yetu, wala sikuwahi kumwomba radhi. Alifariki kabla ya kuona mwisho wa jambo hili.

Tarehe 29 Oktoba 2012 zilianza treni za abiria wa mjini Dar es Salaam. Moja ilitoka Stesheni, katikati ya jiji, kwenda Ubungo Maziwa, na nyingine ikapita katika njia ya TAZARA hadi Mwakanga. Watu wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo. Mwaka 2016 ikafika zamu yetu, treni ya kutoka Stesheni hadi Pugu.

Nilipanda katika siku zake za mwanzo, mtu mzima mwenye mvi. Behewa lilijaa akina mama wenye vikapu, mafundi, makarani na watoto wa shule. Mtoto mmoja mwenye sare alikuwa amekaa karibu na dirisha, daftari mapajani, anafanya hesabu zake bila wasiwasi. Hapo ndipo nilipomwelewa baba. Treni ile ilipita juu ya njia ileile ya zamani. Kilicholetwa ni vichwa, mabehewa, vituo vya kushukia na ratiba. Wahenga walisema penye nia pana njia. Kwetu sisi njia ilikuwapo tangu 1907; nia ndiyo iliyochelewa.

Tangu hapo Pugu imeona makubwa. Tarehe 12 Aprili 2017 Rais Magufuli aliweka pale jiwe la msingi la reli mpya ya Dar es Salaam hadi Morogoro, yenye upana wa milimita 1,435 badala ya 1,000 za ile ya kale, na tarehe 14 Juni 2024 treni za umeme zikaanza kuchukua abiria. Nafurahi kama Mtanzania yeyote. Lakini kila ninaposikia habari za mwendo kasi wake, najikuta nikiuliza vituo vyake viko wapi, na nani atasimamiwa.

Siku ile ya kwanza niliposhuka Pugu sikupanda treni ya kurudi. Nilishika njia kwa miguu, kando ya reli, kuelekea Gongo la Mboto, kama baba alivyokuwa akifanya. Jua lilikuwa kali na kokoto ziliteleza chini ya viatu. Ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani.